Kidole Kati ya Kurasa

"Mwanangu, hii 135 umeitoa wapi?"

Ujumbe huo uliingia kwenye simu yangu mwendo wa saa tatu usiku, siku mbili baada ya kuchapisha makala kuhusu reli na simba wa Tsavo. Aliyeuandika ni mwalimu mstaafu wa Pumwani ambaye amekuwa akinisoma tangu nianze kuandika kuhusu mitaa ya Nairobi na asili ya majina yake. Si mtu wa maneno mengi. Dakika chache baadaye ukaingia wa pili: "Nimekibonyeza kile kinambari kidogo mara nne. Hakiendi."

Nilikuwa nimeandika kwamba simba wawili waliwaua wajenzi 135 wa reli mwaka 1898. Pembeni mwa hiyo 135 nilitundika kinambari, tatu, kumjulisha msomaji kwamba chini kuna maelezo. Niliwasha tarakilishi, nikapeleka kishale juu ya kinambari na kusoma anwani iliyojitokeza chini ya skrini. Haikuwa anwani ya tovuti yangu. Ilikuwa njia ya kuelekea kwenye folda iliyo ndani ya tarakilishi yangu mwenyewe, na mwishoni mwake herufi ftn3. Makala nilikuwa nimeyaandika kwenye programu ya kuchapia, tanbihi nikaziweka huko huko, kisha nikanakili kila kitu na kukibandika kwenye tovuti. Viungo vilikuja na anwani ya faili vilikotoka. Mwalimu ameketi kwake Pumwani, simu mkononi, na mimi namtuma kwenye meza yangu South B.

Kwa hiyo nilikuwa na madeni mawili kwake, njia na nambari. Njia niliweza kuirekebisha usiku uleule kwa mkono. Nambari ilinichukua wiki nzima.

Nilipoifuata 135 kurudi nyuma, nilikuta imezaliwa baadaye sana kuliko nilivyodhani. John Henry Patterson, mhandisi aliyesimamia ujenzi wa daraja la Tsavo na aliyewapiga risasi simba hao Desemba 1898, aliandika kitabu kilichotoka 1907, nacho kinasomeka bure mtandaoni. Humo hataji 135. Anataja wafanyakazi 28 wa Kihindi, na zaidi yao Waafrika wengi ambao, anasema, hesabu yao rasmi haikuwekwa. Ile 135 inatokea katika kijitabu kilichochapishwa mwaka 1925 na jumba la makumbusho la Field, Chicago, mwaka mmoja baada ya jumba hilo kununua ngozi na mafuvu ya simba wenyewe kwa dola 5,000. Halafu mwaka 2009 watafiti walipima kaboni na nitrojeni iliyobaki kwenye mifupa na manyoya ya simba hao, ili wajue miili yao ilijengwa na nyama ya nini, wakakadiria kwamba wote wawili walikula watu wapatao 35.

Ishirini na nane, mia moja thelathini na tano, thelathini na tano. Kila hesabu ina mwaka wake, mtu wake na sababu yake. Mimi nilikuwa nimeokota moja, ile kubwa kuliko zote, nikaiweka katikati ya sentensi kana kwamba imeshuka ikiwa imekamilika.

Na si ukubwa wake ulionikosesha usingizi. Ni kile kipande cha Patterson kuhusu hesabu ambayo haikuwekwa. Katika 28 yake hamna Mwafrika hata mmoja. Watu wa huku walifia pale pale, usiku ule ule, na hakuna aliyefungua daftari. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kisa kizima, nami nilikuwa nimelizika chini ya nambari isiyo yake. Kama ningeandika tanbihi ya kweli, yaani kama ningelazimika kueleza mstari mmoja tu kuhusu nilikoitoa, ningekutana nalo mapema.

Tangu hapo nimekuwa nikizishughulikia tanbihi za tovuti yangu kama mtu anayejenga nyumba yake mwenyewe. Ninaandika haya kwa yeyote anayeandika Kiswahili mtandaoni na anataka msomaji aweze kumuuliza "umeitoa wapi" na kujibiwa papo hapo.

Wikendi iliyofuata nilimtembelea Mwalimu. Nilimwamkia, nikaomba radhi, naye akaagiza chai iletwe kisha akaingia chumbani na kurudi na kitabu cha chuoni, yaani madrasa, kimoja cha vile alivyosomea utotoni, karatasi zake zimegeuka rangi ya mahamri. Akakifungua mezani. Katikati ya ukurasa kulikuwa na maandishi makubwa ya Kiarabu ndani ya mstatili. Kuzunguka mstatili, pande zote, maandishi madogo yamejaa hadi ukingoni, mengine yameinama kwa mshazari.

"Hii katikati ni matini," akasema. "Haya yanayoizunguka ni sherehe. Na huku ukingoni kabisa ni hashiya. Hashiya unaijua? Ndiyo hiyo hiyo pindo ya nguo."

Nilikuwa nimeyatumia maneno hayo miaka yote bila kuyaona yakikaa ukurasa mmoja. Matini tunayatumia kila siku katika uhakiki. Sherehe tuliyokutana nayo shuleni ni ile orodha ya maana za maneno magumu nyuma ya diwani ya mashairi. Tanbihi nayo imetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuzindukana; kumpa mtu tanbihi ni kumgutusha, kumwambia angalia hapa. Tulio na lugha hii hatukufundishwa tanbihi na mtandao. Tulikuwa nazo kwenye pindo la ukurasa, na mwanafunzi wa chuoni alijua kwamba maneno ya mwalimu wake yana mwalimu mwingine nyuma yake, na yule ana wake.

Mwalimu akaniuliza jinsi tulivyokuwa tukisoma mashairi sekondari. Nikamwambia: ubeti uko ukurasa wa 12, sherehe iko ukurasa wa 140, kwa hiyo unaacha kidole kimoja ubetini na kwa mkono wa pili unafungua nyuma kutafuta neno. Ukilipata unarudi kidole kilipo.

"Sasa kwenye simu," akasema, "kidole changu nakiacha wapi?"

Sijapata swali bora kuliko hilo katika kazi hii, na plagini zote, zile programu ndogo za kuongezwa kwenye tovuti, nilizozijaribu baadaye nilizipima kwalo.

Niseme kidogo mambo yanavyofanya kazi. Kitabu kina miguu: kila ukurasa una chini yake, na maelezo yanaweza kukaa hapo, machoni pa msomaji. Au yanaweza kukusanywa mwishoni mwa sura au mwa kitabu. Tofauti hiyo imewahi kugombewa na watu wazima. Juzuu ya kwanza ya historia ya Edward Gibbon kuhusu kuanguka kwa dola ya Roma ilitoka London mwaka 1776, maelezo yake yote yakiwa mwishoni. David Hume, akiwa mgonjwa na amebakiza miezi michache ya kuishi, alimwandikia mchapishaji akilalamika kwamba msomaji anahangaishwa kufungua huku na huku, na kwamba maelezo yawekwe pembeni au chini ya ukurasa. Matoleo yaliyofuata yakayashusha chini ya ukurasa. Hume aliuliza kama Mwalimu: kidole nakiacha wapi?

Ukurasa wa tovuti hauna miguu. Ni kitambaa kimoja kirefu kinachovutwa juu kwa kidole, chake cha chini ni kimoja tu, mwisho kabisa. Ndiyo sababu mtandaoni tanbihi ya chini ya ukurasa na ile ya mwisho wa makala zimekuwa kitu kimoja, na mjadala wa 1776 umeturudia. Waliobuni lugha ya kurasa za mtandao waliliona tatizo hili mapema. Rasimu ya lugha hiyo, HTML 3.0, ya mwaka 1995 ilikuwa na kipengele maalumu kilichoitwa FN, cha kuandikia tanbihi, na ilipendekezwa kwamba kivinjari kiionyeshe kama kijikaratasi kinachoibuka inapowezekana. Rasimu hiyo ilikufa mwaka huo huo kabla ya kukubaliwa, na hadi leo HTML haina kipengele cha tanbihi. Kila tanbihi unayoiona mtandaoni imeshonwa kwa viungo viwili vya kawaida: kinambari ni kiungo cha kushuka kwenye maelezo, na mwisho wa maelezo pana kiungo cha kupanda kurudi kwenye kinambari. Kila upande una kitambulisho chake ili mwenzake aujue.

Kile cha pili, cha kurudi, ndicho kidole. Watu wengi wanaotengeneza viungo kwa mkono hukisahau. Nilikisahau mimi pia usiku ule nilipomrekebishia Mwalimu njia: alishuka vizuri hadi kwenye tanbihi ya tatu, kisha akaanza kuvuta skrini kutafuta alikokuwa, aya ya ishirini na kitu, kwenye simu ndogo, kwa miwani.

Plagini, au programu-jalizi kama zinavyoitwa kwenye menyu zilizotafsiriwa, hufanya ushonaji huo kwa niaba yako. Unaandika maelezo yako pale pale ndani ya sentensi, umeyazungushia alama fulani, nayo inayatoa humo, inayapa nambari kwa mpangilio, inayapeleka chini na kuweka viungo vya kwenda na kurudi. Ukihamisha aya, nambari zinajipanga upya. Kwa mtu aliyewahi kubadilisha mwenyewe tanbihi ya 4 kuwa ya 5, ya 5 kuwa ya 6, hadi ya 31, huo peke yake ni msaada mkubwa. Tovuti yangu inatumia WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, kama zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, na huko plagini za tanbihi ni nyingi.

Ya kwanza niliyoichagua ilikuwa nzuri machoni. Ukigusa kinambari, kisanduku kidogo kinafunguka hapo hapo juu ya aya, unasoma, unagusa pembeni, kinafungika. Hukuondoka ulipo. Nilidhani nimemjibu Mwalimu kikamilifu: kidole hakihitajiki kwa sababu ukurasa haufunguliwi. Niliitumia miezi mitano, nikaandika nayo makala kumi na mawili.

Halafu Mwalimu akanipigia. Mjukuu wake alikuwa amemchapishia makala yangu ya Kariokor kwenye saiba moja karibu na kwao, kwa sababu anapenda kusoma na kalamu mkononi. Akaniuliza kwa upole maelezo yamekwenda wapi. Vinambari anaviona, moja hadi kumi na nne, lakini karatasi imekwisha na chini hamna kitu.

Plagini ile iliyaficha maelezo ndani ya visanduku, na kisanduku hakifunguki kwenye karatasi. Hilo la kwanza. La pili niligundua nilipoizima ili nijaribu nyingine: makala yote kumi na mawili yalifunuka mishono yake. Kila palipokuwa na kinambari sasa palikuwa na mabano ya mraba, herufi tatu za plagini, na maelezo yangu yote yamemwagika katikati ya sentensi. Alama hizo zina maana kwa plagini iliyozileta tu. Ikiondoka, au mwenyewe akiacha kuitunza na ikashindwa kwenda na toleo jipya la WordPress, maandishi yako yanabaki yamejaa mabano. Nilikaa siku mbili nikiyatoa.

Basi ukitaka kuchagua, anza na hilo kabla ya rangi na madoido. Iwekee tanbihi moja kwenye makala ya majaribio, kisha izime na uangalie kinachobaki. Kisha iwashe tena na uchapishe ukurasa kwenye karatasi, au uuhifadhi kama PDF. Kisha ufungue kwenye simu ya bei nafuu, si yako nzuri. Plagini inayofungua visanduku si mbaya. Visanduku vinamfaa sana msomaji wa simu. Lakini iwe ni ile inayoweka pia orodha kamili ya maelezo chini ya makala. Na iwe inaitikia mguso. Kuna zinazofungua kisanduku pale tu kishale cha kipanya kinapopita juu ya nambari, na wengi wa wanaonisoma hawana kipanya. Wanasoma ndani ya matatu Jogoo Road, mkono mmoja umeshika chuma.

Ninachokitumia sasa hata si plagini. Tangu toleo la 6.3 lililotoka Agosti 2023, WordPress yenyewe ina tanbihi ndani ya kihariri chake. Unaweka kishale mahali unapotaka nambari, unachagua tanbihi kwenye menyu iliyo juu ya aya, na orodha inajitengeneza chini ya makala, kila maelezo na mshale wake wa kurudi. Nambari zinajipanga zenyewe. Maelezo yanahifadhiwa pamoja na makala kwenye hifadhidata, na vitambulisho vyake ni virefu, haviwezi kugongana. Kugongana ni tatizo la kweli: nilipokuwa nikishona kwa mkono, kila makala yalikuwa na tanbihi iliyoitwa 1, na ukurasa wangu wa mbele ulionyesha makala matano kamili, moja chini ya jingine. Msomaji akigusa nambari 1 ya makala ya nne, anapelekwa kwenye maelezo ya makala ya kwanza. Nilipata kuona mtu amenukuu Eastleigh kwa chanzo cha Karen.

Nimebakiza plagini moja ndogo ya kuongeza visanduku juu ya hizo za kihariri. Nikiizima, visanduku vinatoweka na kila kitu kingine kinabaki mahali pake.

Yaliyobaki ni marekebisho madogo, lakini ni haya madogo yanayomchosha msomaji bila yeye kujua sababu. Tovuti yangu ilikuwa na utepe wa menyu ulioganda juu ya skrini. Ukigusa kinambari, kivinjari kinaileta tanbihi juu kabisa, yaani chini ya utepe, kwa hiyo mstari wa kwanza wa maelezo unafunikwa. Wasomaji walikuwa wakidhani wamepelekwa kwenye tanbihi isiyo yao. Dawa ni mstari mmoja wa CSS, lugha ya kupangia sura ya ukurasa, uitwao scroll-margin-top, unaoiambia tanbihi isimame chini kidogo. Nikaongeza na rangi hafifu ya manjano kwenye tanbihi iliyofikiwa, ili jicho lisitangetange. Vinambari vyenyewe, kwa kuwa vimepandishwa juu ya mstari, vilikuwa vikisukuma mistari na kuacha nafasi zisizolingana, navyo vikatulizwa. Mshale wa kurudi ulikuwa ukigeuka kijipicha cha rangi ya buluu kwenye simu za watu wengine, kama vile vya kuchekea kwenye WhatsApp, hadi nilipojua kwamba kuna herufi isiyoonekana ya kuwekwa nyuma yake ili ubaki maandishi.

Kubwa zaidi kati ya haya nilifunzwa na mwanafunzi wa chuo kikuu asiyeona, anayesoma kwa kusikiliza kisoma skrini. Aliniambia kwamba makala yangu yanamkatia pumzi. Sentensi inakwenda vizuri, ghafla sauti inasema "saba", inaendelea. Wajenzi saba? Mwaka wa saba? Ukipata mshale, sauti inasoma jina la mshale kwa Kiingereza. Sikuwahi kufikiria kwamba tanbihi ina sauti. Sasa kila kinambari kimebeba lebo isiyoonekana machoni, inayosomwa "tanbihi ya 7", na mshale unasomwa "rudi ulipokuwa". Lebo hizo plagini nyingi huja nazo kwa Kiingereza. Zitafsiri. Ni kazi ya nusu saa, na mtu anayesikiliza Kiswahili kwa dakika ishirini hastahili kukatishwa mara kumi na nne na lugha nyingine.

Sasa, nini kiingie kwenye tanbihi? Hapa nina msimamo, nao umebadilika. Zamani nilitupa huko kila nilichokipenda na kisichopata nafasi: visa, mizaha ya wazee, ugomvi wangu na mwandishi fulani. Sasa naona tanbihi ni ya kitu kimoja hasa, kumwonyesha msomaji njia niliyopita ili naye apite akitaka. Jina la kitabu, mwaka, ukurasa. Nambari ya jalada katika Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, ili mwanafunzi akienda asianze upya. Hesabu zinapotofautiana, tanbihi ndipo mahali pa kuziweka bega kwa bega. Lakini kile kitu kinachobadilisha maana ya sentensi kisifichwe chini. Ile hesabu ya Waafrika wa Tsavo ambayo haikuwekwa, niliitoa kwenye tanbihi nikaipandisha ndani ya aya. Msomaji ambaye hagusi kinambari hata kimoja, na ndio wengi, lazima akutane nayo.

Kariokor ilinipa kazi ya aina hiyo. Jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Waliokufa ni wangapi? Kuna maandishi yanayosema zaidi ya 40,000, mengine yanakaribia 100,000, kutegemea nani kahesabiwa na nani kahesabu. Ukisimama Kenyatta Avenue mbele ya sanamu za shaba zilizowekwa 1928, utasoma kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Majina yao hayapo. Niliandika hesabu zote mbili kwenye tanbihi moja, kila moja na mwenyewe, kisha ndani ya aya nikasema wazi kwamba hatuna hesabu tunayokubaliana, na kwa nini.

Viungo vya kwenda nje vina shida yao, vinakufa. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilipima mwaka 2024 kikakuta asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mtandaoni mwaka 2013 hazipatikani tena. Kwenye Wikipedia, kurasa 54 katika kila 100 walizozichunguza zilikuwa na angalau rejeleo moja linaloelekea mahali palipokwisha kufa. Kwa tovuti za mashirika na idara za huku, ambazo hubadilishwa sura kila uongozi unapobadilika, sitarajii nafuu. Kwa hiyo siandiki kiungo kitupu. Ninaandika maneno kamili ya chanzo, jina na mwaka na mwenye kukitoa, hivyo kiungo kikifa maneno yanabaki na mtu anaweza kwenda kwa miguu. Na siku ninapochapisha, ninahifadhi nakala ya ukurasa ninaourejelea kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ghala la mtandaoni la nakala za kurasa, na kuweka anwani ya nakala hiyo kando ya ile ya asili. Dakika mbili kwa kila tanbihi. Nimeshaokoka mara tatu.

Kilichonichukua muda kuamua ni vyanzo visivyo na karatasi. Babu yake Mwalimu alikuwa mmoja wa wapagazi hao. Alirudi, akaishi Nairobi, akazaa. Alichomsimulia mjukuu wake kuhusu kambi, chakula, na namna watu walivyoitwa kwa nambari za vibati shingoni, sijakikuta popote kilivyo. Mtu wa kumbukumbu za maandishi anaweza kusema hicho si chanzo. Mimi niliyekwisha kuona 135 ikisafiri duniani kwa nguvu ya kuchapishwa tu, sikubali. Nilimuuliza Mwalimu nimtaje vipi.

"Jina langu liache," akasema. "Sema umeambiwa na mjukuu. Sema na wapi ulipoambiwa, na mwezi. Anayetaka zaidi atakuuliza wewe, nawe utaniuliza mimi."

Chuoni wangeiita isnadi, mnyororo wa waliopokezana habari. Niliandika hivyo hivyo: masimulizi ya mjukuu wa mpagazi, nyumbani kwake Pumwani, mwezi wa Machi. Ni tanbihi ya 9 katika makala ya Kariokor, nayo ndiyo iliyoniletea barua nyingi kuliko zote, kutoka kwa watu wenye babu zao.

Baada ya kuichapisha nilikwenda Pumwani na kumpa Mwalimu simu yangu. Akavaa miwani, akagusa 9. Skrini ikashuka, tanbihi ikasimama chini ya utepe na rangi yake ya manjano. Akaisoma polepole, midomo ikichezacheza. Akautafuta mshale, akaugusa, akarudi katikati ya sentensi aliyokuwa ameiacha, na akaendelea kusoma bila kunitazama.

Nina makala 41 ya zamani ambayo hayajaguswa. Mengine yana viungo vilivyokufa, mengine yana vinambari visivyo na chini, machache hayana hata vinambari. Ninayachukua mawili kila wiki. Zamu hii ni Pangani, kile kijiji cha zamani kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi wake wengi wakahamishiwa Pumwani na Shauri Moyo. Niliandika humo, miaka sita iliyopita, idadi ya nyumba zilizobomolewa. Nimeisoma tena jana na sijui niliitoa wapi. Nimeiondoa kwa sasa, nimeacha nafasi, na Jumanne asubuhi nitakuwa Moi Avenue kuomba jalada.